Databesi ikigoma kuwaka baada ya apdeti, msikimbilie kuifuta

Ndugu Mhariri,

Mlitoa makala ya kuwahimiza watu waapdeti mashine zao, nimeisoma yote na niko upande wenu kabisa, mashine isiyoapdetiwa inaingiliwa na hilo halina mjadala. Ila makala ile iliongelea simu na laptop tu, na wasomaji wenu wengi kazini kwao kuna seva moja imewekwa pembeni inatunza databesi, yaani programu inayohifadhi rekodi zote za kazi, siku hiyo seva ikiapdetiwa ikazimwa na kuwashwa, mfumo endeshi unaamka vizuri lakini databesi inagoma. Hapo ndipo nataka kuongea, maana hii ndiyo kazi yangu ya kila siku na nimeshaona watu wanapoteza data ambayo haikuwa imeharibika hata kidogo.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Databesi ikigoma kuwaka baada ya apdeti, mara nyingi sana data iko pale pale kwenye diski, nzima. Kilichobadilika ni vitu vilivyoizunguka, yaani ruhusa, mipangilio, toleo la programu, au diski yenyewe haijaunganishwa. Kinachoiua data ni mikono yetu kwenye ile nusu saa ya kwanza, wakati simu zinaita, bosi amesimama nyuma ya kiti, na mtu wa seva anajaribu chochote anachokumbuka.

Niwasimulie kilichotupata sisi, sitataja ni wapi. Tulikuwa na seva ya Ubuntu 20.04, aina moja ya Linux, inaendesha MySQL, programu ya databesi, tukaipandisha kwenda 22.04 usiku ili asubuhi watu wakute kazi imeisha. Miezi saba nyuma tulikuwa tumehamisha folda ya data kutoka /var/lib/mysql kwenda kwenye diski kubwa zaidi, na ile folda ya zamani tukaiacha palepale, tukasema tutaifuta baadaye, hatukuifuta. Wakati wa kupandisha toleo, mashine ikauliza kuhusu faili moja la mipangilio, unataka kubaki na lako au uchukue jipya, kijana aliyekuwa kwenye kibodi akachukua jipya. Swali kama hilo linakuja mara nyingi kwenye zoezi la aina hiyo na ukishachoka unajibu tu ili liondoke.

Seva ikawaka, MySQL ikagoma. Kwenye logi, faili ambamo programu inaandika yanayoipata, imeandika Permission denied, yaani imenyimwa ruhusa, kwenye folda ya data. Tukaangalia folda, mwenyewe ni mysql, ruhusa ziko sawa, kila kitu kinaonekana sawa. Saa nane za usiku kijana akapiga chmod -R 777, amri inayompa kila mtu ruhusa zote, kwenye folda ya data, haikusaidia, akapiga tena kwenye folda ya mipangilio, /etc/mysql yote. Akaiwasha. Ikawaka! Akasema kaka imekubali, tukashukuru Mungu, tukaenda kulala.

Asubuhi watu wakaingia kazini wakaanza kukata risiti kama kawaida, mpaka kama saa tano hivi dada mmoja wa mapokezi akapiga simu anasema mteja aliyemwandikisha mwenyewe wiki iliyopita hamuoni kwenye mfumo, tukadhani amekosea jina, akapiga tena, na huyu mwingine naye hayupo. Nikafungua jedwali la risiti nikapanga kwa tarehe, nikaona risiti za leo, halafu chini yake moja kwa moja risiti za miezi saba iliyopita. Katikati hakuna kitu. Nilihisi mikono inakufa ganzi.

Kumbe kilichotokea ni hiki. Tatizo la mwanzo halikuwa ruhusa za kawaida, lilikuwa AppArmor, yule mlinzi wa ndani ya Linux anayesema programu gani iguse folda gani. Tulipohamisha data tulihariri faili lake tukamwambia MySQL anaruhusiwa kwenye diski mpya, na lile faili ndilo kijana alilokubali libadilishwe na jipya, kwa hiyo ruhusa ya diski mpya ikafutika. Ndiyo maana ls, amri ya kuorodhesha mafaili na ruhusa zake, inaonyesha sawa na MySQL bado anakataliwa, huyu mlinzi hajali ls inasema nini. Sasa ile 777 kwenye /etc/mysql, MySQL ina utaratibu wake kwamba faili la mipangilio ambalo kila mtu anaweza kuliandika hailisomi, inatoa onyo kwenye logi kwamba limepuuzwa halafu inaendelea. Ikapuuza mipangilio yetu yote, pamoja na mstari unaosema data iko diski mpya, ikarudi kwenye folda yake ya asili, /var/lib/mysql, ikakuta nakala yetu ya miezi saba nyuma imekaa inamsubiri. Ikawaka nayo. Na kwa sababu mipangilio ilipuuzwa, hata ule mstari wa kuizuia isisikilize nje ya mashine yenyewe haukufanya kazi, databesi ilikuwa wazi kwa mtandao wote wa ndani tangu usiku.

Data halisi ilikuwa salama muda wote huo kwenye diski kubwa, haijaguswa. Kurudisha kulichukua dakika ishirini, kuzima, kurudisha ruhusa za faili za mipangilio kuwa 644 (mwenyewe anaandika, wengine wanasoma tu), kurudisha folda ya data mikononi mwa mysql peke yake, kuandika mistari miwili kwenye /etc/apparmor.d/local ambako apdeti haifuti cha mtu, basi. Lakini zile risiti 160 na kitu zilizokatwa asubuhi kwenye databesi ya zamani, namba zake zilianza pale zilipoishia miezi saba nyuma, kwa hiyo kila moja ina pacha wake kwenye databesi halisi, namba ileile mtu mwingine. Tulikaa siku tatu tunazipatanisha moja moja na makaratasi. Na kijana wa watu alikaa siku tatu hasemi na mtu.

Ningekuwa nimesoma logi ya kerneli, kile kiini cha mfumo endeshi, dakika mbili tu usiku ule ningeona neno apparmor na mbele yake DENIED, na njia ya folda imeandikwa yote. Ilikuwa pale. Hatukuisoma.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa ni kusoma, na kusoma penyewe pana namna yake. Watu wengi wanaandika systemctl status, amri ya kuangalia hali ya huduma, wanaona mistari kumi ya mwisho wanaishia hapo, na mstari wa mwisho mara nyingi unasema Start request repeated too quickly, mtu anaanza kutafuta maana yake usiku kucha. Ule mstari unakwambia tu kwamba systemd, programu inayowasha huduma kwenye Linux, imejaribu mara kadhaa imechoka. Sababu iko juu, kwenye jaribio la kwanza. Tumia journalctl, amri ya kusoma logi, na jina la huduma, weka -b ili uone tangu mashine ilipowaka, panda juu mpaka ukute kosa la kwanza, halafu fungua na logi ya databesi yenyewe maana mara nyingi ndiyo inayosema ukweli wote, systemd inapata muhtasari tu. Halafu dmesg, yaani ile logi ya kerneli, kwa ajili ya AppArmor. Kwenye Red Hat, Linux ya aina nyingine, na ndugu zake, mlinzi anaitwa SELinux, tatizo ni lilelile, na wengi wanakimbilia kuizima moja kwa moja, mimi sikubaliani na hilo, kuiweka kwenye hali ya kuonya tu kwa dakika tano ili ujue kama ndiye yeye inatosha, ukishajua unarekebisha lebo za folda, zile anazozisoma SELinux, kwa amri za semanage na restorecon na unairudisha kazini.

Sababu nyingine inayonijia mara nyingi ni maneno ya zamani kwenye mipangilio. Apdeti imeleta toleo jipya la databesi, faili lako la miaka mingi lina mstari ambao toleo jipya halilijui, databesi inakataa kuwaka kabisa. MySQL 8.0 iliondoa query cache yote, ile sehemu ya kutunza majibu ya maulizo, kwa hiyo ukiwa na query_cache_size kwenye faili haiwaki, na ukiwa na NO_AUTO_CREATE_USER kwenye sql_mode ni hivyohivyo. Hii ni rahisi kweli, logi inakutajia neno lenyewe, unaweka alama ya reli (#) mbele ya mstari ili upuuzwe, unaendelea. Nimeona mtu amefuta MySQL yote akaweka upya kwa sababu ya mstari mmoja wa aina hii, inauma.

PostgreSQL, programu nyingine ya databesi, ina la kwake na hapa naomba watu wawe makini zaidi. Data ya toleo kubwa moja haifunguliwi na toleo kubwa jingine, ya 13 haifunguki na 15, itakuandikia wazi kwamba folda ilianzishwa na toleo hili na haipatani na hili. Hilo si kuharibika, ni programu inakataa kugusa kitu isichokijua, na inafanya vizuri. Ndani ya folda ya data kuna kafaili kanaitwa PG_VERSION, ukikafungua kana namba tu, hiyo ndiyo namba ya toleo unalolihitaji. Debian, Linux nyingine, na Ubuntu zinajitahidi, ukipanda kutoka Debian 11 kwenda 12 ile PostgreSQL 13 inabaki na PostgreSQL 15 inawekwa pembeni, tupu, kwenye porti (mlango wa mtandao) 5433 kwa sababu 5432 inashikiliwa na ya zamani, ukiandika pg_lsclusters unaziona zote mbili. Sasa watu wakiona mbili wanadhani ya zamani ni takataka, wanaifuta, au wanaruhusu autoremove, amri ya kuondoa vifurushi visivyohitajika, ipite nayo, kumbe pg_upgrade, chombo cha kupandisha toleo, ili ihamishe data inahitaji programu za toleo la zamani ziwepo pamoja na za jipya. Msiondoe la zamani mpaka jipya limefanya kazi siku kadhaa na bekapu imechukuliwa.

Kuna hili la diski pia. Fstab, faili linalosema diski zipi ziunganishwe mashine ikiwaka, imeandikwa /dev/sdb1, baada ya kerneli mpya diski zimepangwa upya, sdb imekuwa sdc, na kama ule mstari una neno nofail, yaani diski ikikosekana endelea tu, mashine inawaka bila diski ya data na haisemi kitu. Pale ilipotakiwa kuwepo diski kuna folda tupu. Mifumo mingine ikikuta folda ya data tupu inadhani ndiyo mara ya kwanza inawekwa, inaanzisha databesi mpya palepale, huduma inaonekana kijani, programu inaingia, inakuta hakuna majedwali. MariaDB kwenye Red Hat inafanya hivyo, na kontena nyingi za databesi, yaani databesi zilizofungashwa pamoja na kila kinachohitajika, zinafanya hivyo. Mtu akiona tupu anapiga kelele data imefutika, anarudisha bekapu ya wiki iliyopita juu yake, na data ya leo iko kwenye diski ambayo haijaunganishwa. Kabla ya kuamini kwamba data imepotea andika findmnt uone hiyo folda iko kwenye diski ipi. Fstab iandikwe kwa UUID, kitambulisho cha diski kisichobadilika kwa mpangilio, na huduma ya databesi iambiwe RequiresMountsFor kwenye njia ya data, ili diski isipokuwepo igome, kugoma ndiyo salama hapo.

Hayo mengine nayapitia haraka. Diski kujaa kwa sababu apdeti imeacha kerneli za zamani na vifurushi, angalia df -h (nafasi) na pia df -i (idadi ya mafaili). Porti kushikwa na programu nyingine, ss -ltnp inakuonyesha nani. MongoDB, databesi nyingine, kugoma na namba 14 kwa sababu mtu aliiwasha kwa mkono akiwa root, msimamizi mkuu wa mashine, ikaacha soketi (faili la mawasiliano) kwenye /tmp ni ya root na huduma haiwezi kuigusa. SQL Server, databesi ya Microsoft, ikisema kosa 912 na 3417 maana yake skripti ya kupandisha databesi ya master imekwama, kuna traceflag 902, swichi maalumu ya wakati wa kuwasha, ya kuiruka ili uingie urekebishe kilichoikwamisha, halafu uiondoe, usiiache. Na SQL Server kwenye Windows 11 yenye diski ambazo sekta zake zinazidi KB 4 haiwaki, hilo linajulikana na lina rekebisho lake kwenye rejista ya Windows. Oracle, baada ya maktaba za mfumo kubadilika, mara nyingi inataka kufanyiwa relink, yaani kuunganishwa upya na maktaba hizo.

Nirudi kwenye yale ya kutisha. Kuna amri ambazo mtu anazikuta akitafuta kosa lake na zinaonekana kama dawa. Pg_resetwal ya PostgreSQL ni mojawapo, inafuta kumbukumbu za miamala ambayo databesi ilikuwa inaitegemea kujirekebisha, itawaka kweli lakini ndani miamala mingine itakuwa nusu. Innodb_force_recovery ya MySQL, mpangilio wa kuilazimisha iwake, ina ngazi 1 mpaka 6, kuanzia 4 inaweza kuharibu data moja kwa moja na wenyewe walioitengeneza wameandika hivyo. Kufuta ib_logfile, kumbukumbu za miamala za MySQL, kwa mkono ni hivyohivyo. Na kufuta postmaster.pid, faili linaloonyesha kwamba PostgreSQL inaendesha folda hiyo, bila kuhakikisha kwamba hakuna PostgreSQL nyingine inaendesha folda ileile, hapo unaweza kupata mbili zinaandika sehemu moja. Sisemi zisitumike kabisa, mimi mwenyewe nimewahi kuzitumia, ila nimezitumia kwenye nakala. Zima huduma, hakikisha imezimika, nakili kwa cp -a folda nzima ya data kwenda diski nyingine, hata kama ni GB 200 na itachukua saa nzima. Ukishakuwa na nakala unaweza kujaribu na kukosea na kujaribu tena. Bila nakala unajaribu mara moja tu. Na kwa MySQL kuna sababu ya ziada, toleo la 8.0 likishaigusa data ya toleo la 5.7 likaipandisha, kurudi nyuma kwenye folda ileile hakupo, ni mpaka urudishe nakala.

Mtasema si kuna bekapu. GitLab, kampuni kubwa ya watu wanaoijua kazi hii, mwaka 2017 tarehe 31 Januari mhandisi wao akiwa amechoka usiku alifuta folda ya data ya PostgreSQL kwenye seva isiyo yenyewe, karibu GB 300 zikaondoka zikabaki kama 4.5. Walipokwenda kwenye bekapu wakakuta pg_dump, chombo cha bekapu cha PostgreSQL, ilikuwa haifanyi kazi, kwa sababu iliyokuwa inaitwa ni ya toleo la 9.2 na databesi ni 9.6, ikawa inakataa kila siku, na barua pepe za kuwaambia hivyo zilikuwa zinakataliwa njiani. Walipoteza data ya kama saa sita, na walichookoa kilitokana na nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono kwa ajili ya kazi nyingine. Waliliandika lote hadharani na mimi nawaheshimu sana kwa hilo. Nalitaja kwa sababu toleo la databesi kupanda na toleo la chombo cha bekapu kubaki nyuma ni jambo ambalo apdeti inaleta kimyakimya, databesi inawaka, kila mtu anafurahi, bekapu imekufa tangu siku hiyo.

Na kuna jingine la kimya ambalo mimi linaninyima usingizi kuliko hata kugoma. Maktaba ya glibc, ambayo karibu kila Linux inaitegemea, toleo la 2.28 la mwaka 2018 lilibadilisha namna ya kupanga herufi, ipi inatangulia ipi. PostgreSQL kwa kawaida inamuuliza glibc mpangilio huo, na faharasa zake, zile orodha za kutafutia haraka, zimejengwa kwa mpangilio wa zamani. Ukipanda kutoka Debian 9 kwenda 10, au Red Hat 7 kwenda 8, ukabeba folda ya data kama ilivyo, databesi inawaka bila neno lolote, lakini ukitafuta jina fulani inakwambia halipo na wakati lipo, na jedwali lililokataza majina mawili yanayofanana linaanza kukubali. Hakuna kosa kwenye logi. Dawa ni REINDEX, amri ya kujenga upya, kwenye faharasa za maandishi zote baada ya kupanda, kabla watu hawajaanza kuandika. Kuanzia PostgreSQL 15 databesi inakumbuka ilitengenezwa na mpangilio upi na inakupa onyo ukibadilika, onyo hilo watu wanaliona wanaandika amri ya kulinyamazisha bila kufanya REINDEX kwanza, tafadhali msifanye hivyo, ile amri haijengi faharasa yoyote, inaandika tu namba mpya.

Ombi langu kwenu Mhariri, mkirudia makala ile ongezeni sehemu kwa ajili ya wenye seva, muwaambie kabla ya kubonyeza wachukue nakala ya data databesi ikiwa imezimwa, waandike pembeni toleo walilonalo na njia ya folda ya data, na waijaribu apdeti kwenye mashine nyingine kwanza kama ipo. Na waizuie databesi isipandishwe yenyewe usiku na apdeti za otomatiki, amri ya apt-mark hold, ya kushikilia toleo lililopo, inatosha, apdeti za usalama wazifuatilie wao kwa siku waliyoipanga, wasiiache imeshikiliwa mwaka mzima.

Na kwa mabosi wanaosoma hapa, nawaomba kwa heshima, siku ikitokea mpeni mtu wa seva saa moja bila kumuuliza imefikia wapi kila dakika mbili. Kijana wetu alipiga 777 saa nane za usiku kwa sababu alikuwa ameshapigiwa simu mara nne. Sasa hivi ndiye anayefanya apdeti zetu zote, ana daftari, swali la faili la mipangilio likija anabonyeza herufi D kwanza aone tofauti kati ya mafaili mawili ndiyo ajibu, na ile folda ya zamani ya /var/lib/mysql aliifuta mwenyewe, baada ya kuikagua mara mbili.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Fundi wa seva